Jinsi Mwanafunzi Anavyoweza Kujenga Uhusiano na Wataalamu wa Sekta ya Umeme

Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme anaweza kumaliza masomo yake yote akiwa amechora transfoma nyingi kwenye karatasi, bila kuzungumza hata mara moja na mtu anayewajibika kwa transfoma iliyo kazini. Anajua kukokotoa mtiririko wa umeme katika gridi ndogo ya mfano, lakini hajui ni nani anayeamua, saa nane za usiku, kwamba laini fulani izimwe ili mafundi wapate kupanda nguzo. Mambo ya namna hiyo hujulikana kwa kuzungumza na wenye kazi yao. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwafikia, namna ya kuongea nao na namna ya kudumisha uhusiano huo baada ya mazungumzo ya kwanza.

Ushauri wangu mkuu nautanguliza hapa, kwa kuwa yote yatakayofuata yanatokana nao: usimwendee mtaalamu ukiwa na ombi la ajira, bali mwendee ukiwa na swali ambalo wewe mwenyewe umelihangaikia. Wengi wao wamezoea kuletewa wasifu wa watu wanaotafuta nafasi. Ni wachache mno wanaoulizwa kuhusu kazi yao na mtu aliyejitahidi kuielewa, na mtu wa namna hiyo husikilizwa.

Kwanza ujue nani anafanya nini

Sekta ya umeme ni pana kuliko jina lake, na kosa la kawaida la mwanafunzi ni kumwuliza kila mtu maswali yale yale. Wapo wanaofua umeme kwa maji, gesi, upepo, jua, nyuklia au jotoardhi. Wapo wanaousafirisha kwa msongo (volteji) mkubwa. Na wapo wanaousambaza hadi kwa mteja. Kando yao wako waendeshaji wa gridi, wadhibiti wa bei na leseni, watengenezaji wa vifaa, makandarasi, washauri wa kihandisi, na waandishi wa programu za kompyuta zinazotumika katika vyumba vya udhibiti.

Njia nzuri ya kuwatofautisha ni kuangalia kipimo cha muda ambacho kila mmoja anafikiria. Mhandisi wa ulinzi wa mitambo anafikiria kwa sehemu za elfu moja za sekunde (milisekunde): katika gridi ya hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, wimbi moja la umeme huchukua milisekunde 20, na rilei yake, yaani kifaa kinachoamuru laini yenye hitilafu ikatwe, hutakiwa kutambua hitilafu ndani ya mawimbi machache tu. Mwendeshaji wa gridi anafikiria kwa sekunde na dakika, kwa sababu ndiye anayetazama masafa, yaani idadi ya mawimbi hayo kwa sekunde, yasishuke wala kupanda kupita kiasi. Mhandisi wa matengenezo hupanga kwa miezi, na mhandisi wa mipango hukadiria mahitaji ya miaka 10 au 20 ijayo. Ukimwuliza mhandisi wa mipango swali la milisekunde, atakujibu kwa adabu, lakini utakuwa umempotezea nafasi ya kukupa kile anachokijua vizuri zaidi kuliko wengine.

Nakusihi pia usiwapite mafundi sanifu kwa sababu tu unatafuta majina makubwa. Fundi anayechukua sampuli za mafuta ya transfoma na kuzipeleka maabara anaweza kukueleza kwa nini kiasi kidogo cha asetilini ndani ya mafuta hayo humkosesha mhandisi usingizi: gesi hiyo ni dalili ya cheche kali za umeme ndani ya transfoma. Haidrojeni peke yake inaweza kuashiria jambo dogo zaidi. Maarifa hayo yamo vitabuni, ila fundi atakuambia pia ni mara ngapi sampuli huharibika kwa sababu ya chupa isiyofungwa sawasawa, na hilo kitabuni hulikuti. Zaidi ya hayo, mafundi ndio wanaojua ni mhandisi yupi anayependa kufundisha.

Jiandae kabla ya kumwandikia mtu yeyote

Maandalizi bora ninayoyajua ni kusoma ripoti rasmi za matukio makubwa ya kukatika kwa umeme. Zinapatikana bila malipo, zimeandikwa kwa uangalifu, na ndani yake utawaona watu wa kila fani ya sekta hii wakifanya kazi zao chini ya shinikizo. Ripoti ya tukio la tarehe 14 Agosti 2003, lililowaacha gizani watu wapatao milioni 50 nchini Marekani na Kanada, inaonyesha namna laini zilizolegea kwa joto zilivyogusa miti, huku mfumo wa tahadhari wa chumba cha udhibiti ukiwa umeacha kufanya kazi bila waendeshaji kutambua. Mwanafunzi aliyeisoma ripoti hiyo anaelewa kwamba kukata matawi chini ya laini ni kazi ya kihandisi yenye uzito sawa na kuchagua rilei.

Soma vilevile kuhusu tukio la tarehe 9 Agosti 2019 nchini Uingereza, ambapo masafa yalishuka hadi hezi 48.8 na mitambo ikawakatia umeme yenyewe wateja wapatao milioni moja ili kuiokoa gridi iliyobaki. Na kuhusu tukio la tarehe 28 Aprili 2025 lililoizima Hispania na Ureno, ambalo liliwafanya wahandisi wengi wazungumzie upya suala la kudhibiti msongo unapopanda kupita kiasi. Chagua tukio moja, ulisome hadi ulielewe, kisha andika kwenye daftari maswali matatu ambayo ripoti haikuyajibu kwa kiwango cha kukuridhisha. Tayari una maswali yanayostahili kuulizwa.

Hatua ya pili ni kutengeneza kitu chako mwenyewe, hata kama ni kidogo. Programu za kuigiza gridi kwa kompyuta, kama OpenDSS na pandapower, zinapatikana bure, na mifano ya gridi inayotumiwa na watafiti, kama ule wa New England wenye nodi (sehemu za maungio) 39, imechapishwa wazi. Ondoa laini moja katika mfano huo, tazama ni laini zipi nyingine zinazozidiwa na mzigo, kisha eleza ulichokiona katika kurasa mbili zenye grafu mbili au tatu. Kazi hiyo si lazima iwe ugunduzi. Inatosha iwe ya kweli na uweze kuitetea, kwa sababu mhandisi akikuuliza kwa nini ulichagua thamani fulani, hapo ndipo mazungumzo yenu yanapoanza.

Mahali wanapopatikana

Anza na walio karibu nawe, yaani wahadhiri, wanafunzi waliokutangulia ambao sasa wameajiriwa, na wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo. Mhadhiri anayekujua akikutambulisha kwa sentensi mbili, barua yako itasomwa mapema kuliko barua ya mgeni kabisa. Hata hivyo, usimwombe mhadhiri akutambulishe kabla hujaweza kumwambia ni nani hasa unayetaka kuzungumza naye na kwa sababu gani.

Baada ya hapo, jiunge na chama cha kitaaluma. IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki kilichoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha vyama viwili vya zamani, ina jumuiya inayoshughulikia nguvu za umeme na nishati, na ina matawi ya wanafunzi katika vyuo vingi duniani. CIGRE, baraza la kimataifa la mifumo mikubwa ya umeme, iliyoanzishwa mwaka 1921 na yenye makao yake Paris, ndiyo ninayoipendekeza zaidi kwa anayetaka kuwajua watu wa gridi za msongo mkubwa. Ina kamati 16 za kitaalamu, kila moja ikiwa na herufi na namba yake: A2 ni ya transfoma, B2 ni ya laini za juu, B5 ni ya ulinzi na udhibiti wa mitambo, C2 ni ya uendeshaji wa gridi. Orodha hiyo ya kamati ni ramani ya sekta nzima, na mwanafunzi asiyejua aelekee wapi angefaidika kuisoma jioni moja kabla ya kuchagua somo la mradi wake. Kwa watu wa usambazaji kuna CIRED, jukwaa la kimataifa la usambazaji wa umeme, ambayo hufanya mkutano wake mkuu katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, wakati kikao kikuu cha CIGRE hufanyika Paris katika miaka inayogawanyika. Vyama hivi huwawekea wanafunzi masharti nafuu ya uanachama, na baadhi vina mitandao ya wahandisi vijana ambamo mwanafunzi anaweza kujitolea kuandaa mihadhara.

Kujitolea huko kuna faida moja ambayo wengi hawaioni. Anayeandaa mhadhara ndiye anayemwandikia mtoa mada, ndiye anayempokea mlangoni, na ndiye anayemshukuru baadaye. Mnapata sababu ya kuwasiliana mara tatu bila wewe kuomba chochote.

Ukipata nafasi ya kuhudhuria mkutano, usijipange katika msururu wa watu wanaotaka kumsalimu msemaji mkuu. Nenda kwenye ukumbi wa mabango, ambapo mwandishi wa utafiti amesimama kando ya kazi yake akisubiri aulizwe, na mara nyingi husubiri muda mrefu. Chagua mabango mawili siku iliyotangulia, soma makala zake, na ufike ukiwa na swali moja kwa kila bango. Meza za watengenezaji wa vifaa nazo zina thamani, hasa nyakati ambazo wauzaji wamepungua na mhandisi wa bidhaa amebaki peke yake.

Barua ya kwanza

Barua pepe bado ndiyo njia ya heshima zaidi, na ujumbe wa LinkedIn unafaa pale ambapo anwani haipatikani. Barua nzuri inasomwa kwa dakika moja: inasema wewe ni nani, umesoma au umefanya nini kinachohusiana na kazi ya mtu huyo, unauliza nini, na unaomba muda kiasi gani. Huu hapa ni mfano ambao unaweza kuubadilisha kulingana na hali yako:

"Ndugu Mhandisi, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme. Nimesoma wasilisho lako kuhusu ulinzi wa laini fupi za msongo mkubwa, hasa sehemu unayoeleza kwa nini mlichagua ulinzi wa kulinganisha mikondo ya ncha mbili badala ya ulinzi wa umbali. Nimejaribu kuigiza laini ya kilomita 8 kwa kompyuta, nami nimeona kwamba kosa dogo la vipimo linatosha kuifanya rilei ya umbali ione hitilafu iliyo nje ya laini yake kana kwamba iko ndani. Je, katika kazi yenu, ni jambo gani lililokuwa na uzito zaidi: ufupi wa laini, au kuwepo kwa njia ya mawasiliano ya kuaminika kati ya vituo viwili? Ningeshukuru kupata dakika 15 za kuzungumza nawe kwa simu ndani ya wiki mbili zijazo, kwa wakati utakaokufaa. Kama jibu fupi la maandishi ni rahisi zaidi kwako, litanitosha kabisa. Wako katika utumishi."

Angalia kwamba barua hiyo haina wasifu ulioambatishwa, haitaji nafasi ya kazi, na inampa msomaji njia rahisi ya kujibu. Sentensi ya mwisho ndiyo inayosaidia zaidi, kwa kuwa mtu aliyeshughulika hukataa simu lakini huweza kuandika mistari minne kabla ya kwenda kulala. Kila barua iandikwe upya kwa ajili ya mtu mmoja. Barua iliyotumwa kwa watu 30 bila kubadilishwa hujulikana mara moja, na katika fani hii watu wanafahamiana.

Usipojibiwa, subiri siku 10 hivi, kisha andika mara moja tu kwa upole. Kimya katika sekta hii mara nyingi hakina maana yoyote mbaya. Dhoruba ikivuma, watu wa usambazaji hawasomi barua. Na waendeshaji wa gridi hufanya kazi kwa zamu, mchana na usiku, hivyo aliyetoka zamu ya usiku hatakujibu saa nne asubuhi. Kamwe usipige simu katika chumba cha udhibiti kumtafuta mtu, hata kama namba yake umeipata: laini hizo ni za kazi ambayo haiwezi kusubiri.

Wakati wa mazungumzo

Fika kabla ya wakati, uwe na daftari, na anza na swali uliloliandika katika barua. Baada ya hapo mwache mtaalamu aongoze. Maswali yanayozaa zaidi ni yale yanayohusu maamuzi: ni uamuzi gani uliokuwa mgumu katika mradi ule, ni taarifa gani alizokosa alipoufanya, ni nini angekibadilisha leo. Unaweza kumwuliza pia namna uhaba wa vifaa unavyoathiri mipango yake. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2025 kwamba kupata transfoma kubwa kunaweza kuchukua hadi miaka minne, na kila mhandisi aliyewahi kusubiri kifaa cha namna hiyo ana la kusema.

Yapo mambo ambayo hupaswi kuyauliza. Gridi ya umeme ni miundombinu nyeti, na mtaalamu amefungwa na masharti ya usiri ya mwajiri wake na mara nyingi ya sheria. Usiombe michoro ya vituo, mipangilio ya rilei, taarifa za mifumo ya mawasiliano wala takwimu za mteja mmoja mmoja, hata kama unazihitaji kwa mradi wa chuo. Mwambie mapema kwamba utafurahi kupata taarifa zile tu ambazo zimekwisha kutangazwa. Maneno hayo humpa amani, na ataongea kwa uhuru zaidi. Vivyo hivyo, ukiuliza kuhusu hitilafu iliyotokea mahali pake pa kazi, uliza juu ya mtambo na utaratibu, usiulize ni nani aliyekosea.

Dakika ulizoomba zikiisha, sema kwamba zimeisha. Akitaka kuendelea, ataendelea kwa hiari yake. Swali lako la mwisho liwe hili: ni nani mwingine ambaye ingefaa nizungumze naye kuhusu jambo hili? Kwa njia hiyo mtu mmoja hukufikisha kwa wawili, na jina lake linakuwa utambulisho wako.

Kwa usalama wako, kutana na watu ofisini, chuoni au kwenye mkutano, na mjulishe mtu mwingine unakokwenda. Mtu yeyote anayekudai pesa au upendeleo wa aina nyingine ili akupatie nafasi ya mafunzo, achana naye siku hiyo hiyo.

Ukialikwa kituoni

Mwaliko wa kutembelea mtambo wa kufua umeme au kituo cha kupozea umeme ni ishara ya kuaminiwa, na mwenendo wako humo utakumbukwa kuliko alama zako za mitihani. Vaa viatu vigumu vilivyofungwa na nguo za pamba zenye mikono mirefu, kwa sababu nguo za nailoni huyeyuka na kuganda mwilini pakitokea mlipuko wa cheche. Vua pete na mikufu. Sikiliza maelezo ya usalama hadi mwisho hata kama uliwahi kuyasikia, na usivae kofia ngumu begani kama mtu aliyekuja kupiga picha.

Ndani ya uwanja wa mitambo, kanyaga anapokanyaga mwenyeji wako. Usinyooshe mkono wala mwavuli juu, kwa kuwa katika msongo wa kilovolti 400 umeme huruka hewani na kumfikia mtu ambaye hajagusa chochote. Picha usipige bila kuomba ruhusa, na ukiruhusiwa, uliza pia kama unaweza kuzionyesha kwa wengine. Nilicho na hakika nacho ni kwamba wahandisi wa msongo mkubwa hawamsahau kijana aliyeuliza kabla ya kusogea hatua moja.

Baada ya kuagana

Andika shukrani ndani ya siku moja, ukitaja jambo mahususi ulilojifunza. Kisha fanya alichokushauri. Akikuelekeza usome sura fulani ya IEC 61850, kiwango cha kimataifa kuhusu mawasiliano ndani ya vituo vya umeme, isome, na baada ya mwezi mmoja mwandikie mistari mitano ukisema ulichokielewa na pale ulipokwama. Wengi hushukuru, lakini wanaorudi na matokeo ni wachache sana, na hapa ndipo mazungumzo ya mara moja yanapogeuka kuwa uhusiano wa kweli.

Usione vibaya kama mambo yanakwenda polepole. Laini kubwa ya kusafirisha umeme inaweza kuchukua miaka 10 tangu kupangwa hadi kuwashwa, na transfoma iliyotunzwa vizuri hufanya kazi miaka 40 au zaidi. Mtu uliyemfahamu ukiwa mwaka wa pili anaweza kuwa bado yuko kwenye mradi ule ule utakapohitimu. Barua moja kila baada ya miezi minne au mitano inatosha, mradi iwe na jambo ndani yake: matokeo ya mradi wako, makala inayogusa kazi yake, au swali jipya. Na ukipata la kumsaidia, kama kuwatafutia wanafunzi wenzako nafasi ya kusikiliza mhadhara wake au kupanga takwimu za utafiti ambazo zimekwisha kutangazwa, msaidie bila kungoja kuombwa.

Wakati wa kutafuta kazi utakapofika, mweleze waziwazi. Kama unahitaji barua ya utambulisho, mwombe wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, mtumie tangazo la nafasi hiyo, wasifu wako, na muhtasari mfupi wa kazi mliyozungumza pamoja ili asilazimike kukumbuka kila kitu. Mpe pia nafasi ya kukataa bila kuona aibu, kwa sababu huenda mwajiri wake haruhusu, au huenda hakujui wewe vya kutosha kuandika jambo la maana. Majibu yakitoka, ukiwa umepata au umekosa, yeye awe miongoni mwa watu wa kwanza kujulishwa.